Alama ya Kutoa, Ukurasa wa 214

Kila Novemba, theluji ya kwanza ikiigusa Tartu,
mkuu wa kitivo hunituma nimhesabu Profesa Helve Tammsalu:
makala ngapi, nani kazitaja, mara ngapi.
Mimi, Urve wa maktaba, ghorofa ya pili,
niliyefeli hesabu shuleni mara mbili,
ndimi mpimaji wa mpimaji.

Makala arobaini na moja.
Miaka thelathini na sita ya mashamba ya Jõgeva:
shayiri iliyolazwa na upepo, daftari la mvua,
buti za tope zikikauka kando ya mashine ya kupigia chapa.
Tisa kati yake hazijatajwa na kiumbe.
Kumi na mbili zimetajwa mara moja, na mtajaji ni yeye mwenyewe,
kama mtu apigaye hodi kwake
kisha akajikaribisha.

Halafu ipo ile fupi. Kurasa tatu.
Aliiandika usiku mmoja, mwanawe ana surua,
kitambaa cha maji mkono huu, kalamu mkono huu:
namna ya kukisia mavuno ya kiwanja kilicholiwa na kulungu
kwa kuwauliza majirani zake.
Elfu mbili mia tatu na kumi na sita,
hadi jana saa tisa alasiri.
Wameitaja watu wa samaki, watu wa mifupa, watu wa kodi za nyumba,
na mmoja wa nyota,
sijui huko juu kulungu gani walimwingilia.
Nikichora, natoa nyasi arobaini
na mnara.

Mkuu wa kitivo anaupenda mnara.
Aliagiza keki.

Nilimpelekea Helve karatasi; namba hakuitazama.
Alivua miwani, akafungua jarida lenyewe, lililokwisha kuwa njano,
akaweka ukucha chini ya mstari wa nne.
"Hapa palikuwa na alama ya kutoa.
Aliidondosha mchapaji, au mimi, au ile surua.
Ukiufuata mlinganyo huu kama ulivyo,
kiwanja kilicholiwa
huzaa kuliko vyote."
Akacheka hadi akakohoa.
"Watu elfu mbili, Urve, wameingia nyumbani kwangu,
na hakuna aliyeona kuwa ngazi imekosa kidato.
Maana hawakupanda. Walisimama uani, wakaandika jina langu, wakaenda."

"Hukusahihisha?"
"Nilisahihisha. Mwaka uliofuata. Namba kumi na saba kwenye orodha yako."
Nikaitafuta. Nusu ukurasa.
Sifuri.

Hayo yalikuwa ya mwaka jana.

Mwaka huu kompyuta imeniletea sifuri ileile,
lakini mimi nina ukaidi wa watu waliofeli:
nilichimba mahali ambapo kompyuta haichimbi,
kwenye tasnifu zisizohesabiwa,
nikampata Sarmīte Vanaga, mwanafunzi, Daugavpils,
tasnifu ya mizinga ya nyuki, tanbihi ya themanini na nane:
*Nilipoufuata mlinganyo, mizinga iliyokufa baridi
ilitoa asali kuliko iliyo hai.
Nililia siku mbili nikidhani kosa ni langu.
Siku ya tatu nikatafuta, nikapata masahihisho ya mwandishi.
Asante kwake, popote alipo.*

Tasnifu haihesabiwi. Fomu haina safu yake.
Nilijaza 2,316 panapotakiwa 2,316,
na pale kwenye kumi na saba, ambapo sheria yataka sifuri,
nikaiacha penseli isimame kidogo juu ya karatasi.

Kisha nikapanda kwake na tanbihi.
Aliisoma amesimama, koti bado mwilini, theluji ikimyeyukia mabegani.
Akairudia.
Nikangoja machozi; nilikuwa hata na leso.

"Mizinga," akasema, akitafuta kalamu mifukoni,
"mizinga yenyewe ilikuwa mingapi?
Na iliyokufa, ilikuwa imepangwa upande mmoja?"